Kalunde na Mtemi Aliyekusanya Visu

Paukwa.

Pakawa.

Kisu kinalala wapi?

Kwenye ala.

Na masikio yenu?

Yako kwako, mama. Yajaze.

Basi nayajaza. Ninyi mnaomenya karanga huko nyuma, menyeni polepole, maganda yasije yakanishinda sauti.

Hapo kale, kale ambayo bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na nchi ikiitwa Isenga. Nchi ya miombo, miti mirefu, kivuli chembamba. Watu wake walilima kidogo, walifuga kidogo, waliwinda sana. Na kati ya wawindaji wa Isenga alikuwapo mwanamke mmoja, jina lake Kalunde.

Naona mmetazamana. Ndiyo, mwanamke. Baba yake alikuwa mwindaji, na kwa miaka mingi alikuwa na mtoto huyo mmoja tu. Binti alimfuata baba porini tangu alipojua kukaa kimya. Mdogo wake, Mhoja, alipozaliwa, Kalunde alikuwa tayari anaangusha swala.

Kalunde alikuwa na upinde mzuri, lakini hakuusifia. Alikuwa na mishale mizuri, lakini hakuisifia. Alichokipenda ni kisu chake.

Hakikuwa kirefu. Ukitandaza vidole, kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho, ndio urefu wa kisu kizima na mpini wake. Kilikuwa chuma kimoja tangu ncha mpaka kitako, hakikukunjwa wala hakikuungwa popote. Mpini ulikuwa mti wa mpingo ulioshikizwa pande mbili, umelainika kwa jasho la kiganja. Tumbo la kisu lilipinda kidogo, kama mwezi mchanga. Kilikaa kiunoni kwenye ala ya ngozi, na hakikutoka humo bila kazi.

Watu wengine walichimbia mizizi kwa visu vyao. Kalunde, hapana. Wengine walivunjia mifupa. Kalunde, hapana. Wengine walikatia kuni. Kalunde, hapana. Aliwaambia, "Kila kazi ina chuma chake. Hiki kinafungua mnyama, basi."

Na alivyofungua mnyama, ilikuwa raha kutazama. Alikuwa na wimbo wake wa kazi. Mimi nitasema, ninyi mtajibu "taratibu". Haya.

Ngozi kwanza.

Taratibu.

Nyama baadaye.

Taratibu.

Nyongo isione jua.

Taratibu.

Hivyo ndivyo. Mnyama aliyefunguliwa na Kalunde nyama yake ilikuwa safi, haina nyasi, haina mavi, haina uchungu. Watu walimpa sehemu yake kwa mikono miwili, wakasema ule msemo wa nchi: mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Wakacheka, wakagawana. Kidari kilikwenda kwa Mtemi, paja moja kwa wazee na wagonjwa, iliyobaki ikagawanywa kwa waliowinda. Ndiyo ilikuwa desturi, na hakuna aliyelala njaa.

Sasa sikilizeni. Mtemi mzee akafa. Mwanawe akakalia kigoda, jina lake Kwilasa.

Mtemi Kwilasa hakuwa mtu katili. Nisimsingizie. Alikuwa mtu mpenda nyama. Asubuhi nyama, mchana nyama, jioni aliuliza, "Iko wapi nyama?" Kidari peke yake kikawa hakimtoshi. Siku moja, akichokonoa meno, akausikia ule msemo ukisemwa nje ya uzio. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Akaacha kuchokonoa.

Akamwita mnyampara wake, Nangale, yule aliyepeleka amri zake vijijini.

"Nangale, nani mla nyama katika nchi hii?"

"Ni wewe, Mtemi, na watu wako."

"Hapana. Ni mwenye kisu. Msemo ni wa mababu, mimi sikuutunga. Sasa visu vyote vikiwa vyangu, nani mla nyama?"

Nangale akafikiri kidogo. "Ni wewe, Mtemi."

"Basi nenda ukavilete."

Nangale akatoka na ngoma. Akapita kijiji cha juu, akapita kijiji cha kati, akapita kijiji cha bondeni. Kila alipofika alipiga ngoma na kutangaza: "Visu vyote kwa Mtemi. Atakayeua mnyama asimfungue. Ambebe mzima mpaka kwa Mtemi. Mwenye kisu ndiye mla nyama, na mwenye kisu ni Mtemi."

Mhoja akaenda mbio kwa dada yake. Wakati huo Mhoja alikuwa ameoa, na mkewe, Ngolo, alikuwa ametoka kujifungua pacha, Kulwa na Doto.

"Dada, kichomeke kisu chako kwenye nyasi za paa. Hakuna atakayekiona."

Kalunde alikuwa amekaa anakinoa kwenye jiwe, anakinoa bila haraka.

"Nikikificha nitakitumia lini, Mhoja? Usiku, nikitetemeka? Kisu cha darini kinashika kutu, na mwenyewe anashika woga."

"Kwa hiyo unampa?"

"Nampa chuma. Mkono hajauomba."

Akamaliza kukinoa. Akakipaka mafuta, akakirudisha kwenye ala, akaenda nacho mwenyewe mpaka kwa Mtemi. Kikatupwa ndani ya kapu kubwa pamoja na vingine. Kilipogongana na vile vingine, Kalunde alifumba macho kidogo tu. Kisha akaaga kwa adabu, akarudi nyumbani kiuno kitupu.

Mwaka ule mvua zilikosea njia. Mtama ulikauka ukiwa magotini, watu wakatazama porini. Wakamwua swala, wakambeba mzima mchana kutwa, jua likimpiga tumboni. Walipofika kwa Mtemi tumbo limevimba kama ngoma. Watu wa Mtemi wakapasua kwa pupa, kisu kikapita hadi kwenye utumbo, harufu ikajaa uani. Wawindaji wakapewa kichwa na kwato.

Wakamwua ngiri, wakambeba mzima. Safari hii ilipasuka nyongo. Mtemi akatafuna, akatema, akatafuna tena. Wawindaji wakapewa kichwa na kwato.

Wakamwua palahala, dume lenye pembe za kupinda nyuma. Inzi wakafika kabla yao. Nusu ya nyama ikatupwa kwa fisi. Wawindaji wakapewa nini?

Kichwa na kwato.

Mmeelewa. Mwanamume mmoja alijaribu kukata paja porini kwa ubale wa mwanzi. Nangale akaliona lile jeraha lililochanika, yule mtu akafungwa kwenye nguzo ya uani kutwa nzima. Tangu hapo hakuna aliyejaribu.

Nyumbani kwa Mhoja, Ngolo alichemsha kwato, akanywa yale maji, akawaweka pacha kifuani. Kulwa alinyonya akaachia, akalia. Doto alinyonya akaachia, hakulia. Ngolo akamtazama wifi yake.

"Wifi, huyu asiyelia ndiye ananitisha."

Kalunde akamchukua Doto, akamweka begani. Alikuwa mwepesi kama kibuyu kitupu. Kalunde alikaa naye mpaka mtoto akasinzia, kisha akatoka, akachukua upinde.

Sasa, ukame haukumsahau Mtemi. Mto wa Isenga ulikuwa mchanga mtupu. Mto uliobaki na maji ulikuwa wa nchi jirani, Usanga, na Usanga ilitawaliwa na mwanamke, Mtemi Kabula. Kwilasa alikuwa amemwomba ruhusa ng'ombe wa Isenga wakanywe kwake. Mtemi Kabula akajibu, "Nitakuja nikutazame kwanza. Mtu ninayempa maji napenda nimjue."

Na alikuwa amekwisha kufika. Amekaa kwa Kwilasa tangu jana, na hapakuwa na nyama ya kumwekea mgeni.

Asubuhi hiyo hiyo aliyotoka na upinde, Kalunde aliona pofu. Si mtu asiyeona, wanangu, ni yule mnyama mkubwa kuliko swala wote, ng'ombe wa porini, ngozi ya shingo yake inaning'inia kama shuka. Kalunde alinyata kinyume cha upepo, akasubiri, akaachia mshale wa sumu chini ya bega. Akamfuata kwa nyayo mpaka alipoanguka, penye kichaka cha misada, si mbali na njia.

Mhoja, aliyekuwa akimfuata nyuma, akafika akihema. Akamtazama yule mnyama, akamtazama dada yake.

"Dada, huyu habebeki. Hata tukiwa watu kumi."

"Habebeki," Kalunde akasema. "Nenda kwa Mtemi. Mwambie kwa heshima: nyama ya mgeni imepatikana, lakini haiwezi kuja. Basi wenye kisu waje. Sema mgeni akiwapo."

"Mgeni akiwapo?"

"Akiwapo, Mhoja. Anasikia vizuri."

Mhoja akaenda, akasema. Mtemi Kabula, aliyekuwa anakunywa uji, akaweka kibuyu chini. "Pofu? Mimi nimelelewa na wawindaji. Twende wote."

Kwilasa angesema nini? Wakaenda wote. Mtemi na mgeni wake, wanyampara, watu wa vijiji vitatu, Ngolo na pacha mgongoni na kifuani. Nyuma yao vijana wawili wamebeba kapu la visu, maana Kwilasa hakukubali kapu lile likae mbali na macho yake.

Walipofika jua lilikuwa linapanda. Inzi wa kwanza alikwisha kutua.

Nangale akakunja shuka, akachukua kisu kirefu kuliko vyote, akamsogelea pofu kama mtu anayetaka kukata mti. Akainua mkono. Mtemi Kabula akasema, bila kupandisha sauti, "Huyo akishusha mkono, mimi sili."

Nangale akabaki mkono juu.

"Katika nchi yenu nani anafungua wanyama?" Mtemi Kabula akauliza.

Watu walimtazama Kalunde, wote kwa pamoja.

Kwilasa akaona. Akakohoa. "Kalunde, njoo umfungue."

Kalunde akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima. "Kwa kisu gani, Mtemi?"

Kwilasa akaingiza mkono kapuni, akatoa kisu. "Hiki."

"Hicho ni cha Mhoja, Mtemi. Si changu."

Akatoa kingine, kinang'aa. "Hiki."

"Hicho ni cha baba yake Ngolo. Si changu."

Inzi wakawa wengi. Mgeni alikuwa anatazama jua. Kwilasa akapekua kapu mpaka chini, akaja na kile kifupi cha mpini wa mpingo, ala yake imejaa vumbi. Akamnyooshea Kalunde kwa hasira.

"Haya, chukua kisu chako, ufanye kazi."

Mmesikia alivyosema? Rudieni.

Chukua kisu chako.

Basi watu wote wa vijiji vitatu walisikia hivyo hivyo.

Kalunde akakitoa kwenye ala. Akapima makali kwa ukucha. Yalikuwa yangali pale. Akawaomba wanaume wamgeuze pofu chali, kichwa upande wa mwinuko. Akainua ngozi kwa vidole viwili, akatoboa kijitundu. Akageuza makali juu, akaweka vidole viwili chini ya ncha, vidole vikienda mbele na kisu kikifuata, ili ncha isiguse utumbo. Imbeni naye.

Ngozi kwanza.

Taratibu.

Nyama baadaye.

Taratibu.

Nyongo isione jua.

Taratibu.

Ngozi ikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Akakata utando chini ya mbavu. Akaingiza mkono wote mpaka begani, shavu limegusa manyoya, akatafuta koromeo bila kuliona, akalikata. Akavuta. Matumbo yote yakatoka kwa pamoja, mazima, hayakuvuja tone. Akatenga ini, akashika kile kifuko cha nyongo kwa ncha za vidole, akakiondoa, akakizika. Akakata nyama yote iliyozunguka jeraha la mshale, akaizika nayo, maana sumu haijui mwenyeji wala mgeni. Akaegemeza kijiti kati ya mbavu ili upepo uingie. Kisha akasimama, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko, uso mkavu.

Nyama ilikuwa inanukia nyama. Miezi mingi watu hawakuisikia harufu ile.

Mtemi Kabula akainama, akatazama ndani ya mbavu. "Nimeona wengi wakifanya kazi hii. Wewe nitakukumbuka."

Kalunde akapangusa kisu kwa nyasi, upande huu, upande ule. Hakukirudisha kapuni. Akakishika.

"Mtemi wangu, mgeni wetu hajui sheria yetu ya nyama. Naomba umwambie, maana sheria ni yako na kinywa changu ni kidogo."

Kwilasa akaona amepewa heshima mbele ya mgeni. Akatanua kifua. "Sheria ya Isenga ni moja. Mwenye kisu ndiye mla nyama."

"Asante, Mtemi. Na kisu hiki ni cha nani?"

Kwilasa akakitazama kisu, akalitazama kapu.

Kwilasa akasema, "Hicho... nimekuazima."

"Kitu changu, baba, unaniazimaje? Umesema mwenyewe, kisu chako."

"Nilisema tu."

Hapo Mtemi Kabula akainuka kwenye gogo alilokalia. "Mwenzangu Kwilasa, mimi nimekuja kupima neno lako. Unataka ng'ombe wako wanywe kwangu, na umesema hawataharibu mashamba yangu. Ni neno tu hilo nalo, sivyo? Sasa niambie. Neno ulilolisema jua likiwa pale, na sasa jua liko hapa, limekwisha kuoza?"

Kwilasa akawatazama watu wake. Akaona vifua vimekonda. Akaona Ngolo amekaa chini, Doto amelala mapajani mwake, mdomo wazi, hasogei sana. Mtemi alikuwa hajawahi kumwona Doto. Alikaa akimtazama kwa muda. Kiburi kilikuwapo bado, na hofu ya kukosa maji ilikuwapo, lakini nasema, na bibi yangu alisema, kilichomshusha mabega ni yule mtoto.

"Kisu ni cha Kalunde," akasema. "Na nyama ni ya Kalunde."

Sasa mngekuwa ninyi? Semeni kweli. Wengine mngempa kichwa na kwato.

Kalunde alikata ini kwanza, la moto bado, akampa Mhoja alichome pale pale kwa ajili ya Ngolo. Akakata paja kwa ajili ya wazee na wagonjwa. Akakata mnofu wa mgongoni, mrefu, laini, akampa Mtemi Kabula. Kisha akakata kidari, akakiweka juu ya majani, akakipeleka kwa mikono miwili mpaka miguuni pa Kwilasa.

"Hiki ni chako, Mtemi. Kilikuwa cha baba yako. Hakuna aliyekuwa anakunyima."

Kwilasa akakipokea, asiweze kumtazama.

"Na iliyobaki," Kalunde akasema, akiwageukia watu, "mimi na kisu changu hatuwezi kuimaliza kabla ya jua kuiharibu. Sheria ya Mtemi ni nzuri. Mwenye kisu ndiye mla nyama. Kila mtu achukue chake."

Wakamtazama Mtemi. Mtemi akalisogeza kapu kwa mguu wake mwenyewe, likafika katikati ya watu.

Ungewaona. Hawakugombana. Kila mmoja alikijua chake kwa mpini, kwa pengo, kwa kamba. Mzee mmoja alikishika chake akakinusa. Wakazunguka yule pofu kama mchwa, wakachuna, wakakata, wakaanika kwenye matawi, na jua lilipofika utosini palibaki ngozi na mifupa.

Ngolo alikula ini, akanywa supu ya mifupa jioni, na kesho yake tena, na siku zilizofuata. Maziwa yakarudi. Doto akalia kwa sauti ya kuchukiza mpaka majirani wakalalamika, na Ngolo akawaambia, "Lalamikeni, nyie lalamikeni."

Mtemi Kabula akarudi Usanga, akaufungua mto. Ng'ombe wa Isenga wakanywa.

Na Kwilasa? Subirini, sijamwacha.

Wawindaji walipotoka tena, Kalunde alisikia hatua nyuma yao. Akageuka. Ni Mtemi, peke yake, hana mnyampara, hana ngoma, shuka ameifunga juu ya magoti.

"Mtemi, umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimekula nyama tangu utotoni, sijawahi kumwona mnyama akifunguliwa mpaka siku ile. Nataka kujua."

Kalunde akampima kwa macho kama anavyopima makali. "Tukiwinda tunanyamaza."

"Nitanyamaza."

Wakaua palahala. Kalunde akamgeuza chali, akatoa kisu chake kwenye ala. Mnyama alikuwa anayumba kwenye mteremko. Akamwonyesha Mtemi mguu wa nyuma.

"Shika hapo. Uvute kuelekea kwako."

Mtemi Kwilasa akapiga magoti kwenye majani, akaushika ule mguu kwa mikono yote miwili. Damu ikamchirizikia mkononi. Jasho likamwingia machoni.

"Kalunde, nimechoka. Niachie?"

"Usiachie, Mtemi. Ukiachia, kisu kinateleza."

Akashika. Alishika mpaka mwisho, na siku hiyo alipopewa kidari chake alikaa chini na wawindaji, akala nao.

Hadithi yangu nimeifungua, nimeitoa utumbo, nimeigawa. Aliyepata mnofu?

Atafune.

Aliyepata mfupa?

Agugune.

Na aliyesinzia?

Akalale njaa.

Basi, na kisu kirudi alani.

Kimerudi.